Karatasi ya Eneo la Saba

Kwenye kituo cha utafiti wa bahari walimwita Asilimia, na jina lilimganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kupima mwani. Alikuwa na fremu ya mabomba ya plastiki, nusu mita kila upande, iliyogawanywa kwa kamba nyembamba kuwa vyumba ishirini na vitano. Maji yakipwa aliilaza juu ya mwamba, akainama, akatazama, akaamua mwani umefunika asilimia ngapi ya fremu, akaandika. Kisha akasogea mita tano kwenye mkanda wa kupimia, akailaza tena. Miaka ishirini na miwili ya kuinama ilimpa mgongo wa mtu anayetafuta sindano, na ulimi uliozoea hesabu. Mkewe akimwuliza kama mboga imekolea chumvi, alijibu sabini. Watoto wakiuliza kama Jumapili watatoka matembezi, alisema thelathini, nao wakajua siku hiyo ni ya kukaa nyumbani.

Mtu acheke akitaka, lakini ramani nzima ya mwani wa pwani ile ilitoka kwenye jicho lake. Alijua wa kijani unakaa karibu na ufuko kwa sababu unavumilia jua na kukaukiwa, wa kahawia unashika miamba ya katikati, na mwekundu umeridhika huko chini kwenye mwanga kidogo. Alijua pasipo na mwani kwa nini hapana: mchanga unahama, au maji yana tope na mwanga haufiki. Mwani hauna mizizi ya kunyonya chakula ardhini. Una kishikizo tu, kinachong'ang'ania jiwe, na mengine yote unayapata majini na juani. Ukiunyima jiwe au ukiunyima mwanga, habari yake imekwisha.

Kati ya maeneo yote aliyoyapima, Eneo la Saba ndilo lililomlea. Dada yake, mkubwa wake kwa miaka sita, ndiye aliyemchukua baada ya mama yao kufariki, akamlisha na kumsomesha kwa mwani wa kahawia aliokuwa akiukata pale na kuuza kiwandani. Hadi sasa dada alikuwa bado anakata, yeye na wanawake wengine kumi na watatu, na mwamba ulikuwa bado unawapa. Samaki wachanga walijificha humo, na konokono, na kaa wadogo wa rangi ya chai. Asilimia alipoambiwa kwamba bandari inatafuta mahali pa kumwaga tope litakalochimbwa kwenye mlango wake, na kwamba Eneo la Saba limo kwenye orodha ya mahali panapofikiriwa, hakulala vizuri wiki nzima.

Mkosi ulianzia kwenye kalenda. Bandari ilitaka vipimo haraka, na haraka yenyewe ikaangukia mwezi wa joto kali kuliko yote. Mwezi huo mwani wa kahawia hupukutika. Majani yote huondoka na mawimbi, vikabaki vishina vifupi vilivyoshikilia mwamba, ambavyo mtu asiyejua huvidhania kuwa ni kutu. Miezi miwili baadaye maji yakipoa, vishina huchipua na mwamba ukavaa upya. Asilimia alimweleza Mkuu wa kituo haya yote, akamwomba wasubiri. Mkuu alikuwa mtu wa suti na mikutano, aliyelowa miguu mara ya mwisho siku ya kufundishwa kazi. Alimjibu kwamba kalenda ya bandari si ya kituo kuibadilisha, na kwamba kama ana la kusema, fomu ina safu ya maelezo, aandike humo.

Basi akapima. Kanuni ya kazi ilisema hesabu kinachoonekana ukitazama kutoka juu, na kishina hakifuniki kitu. Siku ya kwanza, Eneo la Tano, aliandika mbili, sifuri, nne, na kwenye safu ya maelezo akaandika kwa penseli, kwa herufi safi kabisa: majani yamepukutika kwa joto, vishina hai vimejaa mwambani. Mstari wa pili maelezo yalikuwa yale yale, akaweka vistari viwili vya kusema kama juu. Wapimaji wote hufanya hivyo. Ukiwa umeinama majini hadi magotini, mkono mmoja umeshika ubao na mwingine fremu, na maji yanakaribia kujaa, hakuna atakayeandika maneno manane mara ishirini na nne.

Siku ya tatu alikuwa Eneo la Saba. Dada yake alimkuta pale akiwa amepiga magoti, akasimama pembeni kumwangalia.

"Unaandika ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Tatu? Mwamba huu?"

"Dada, hiyo ni kanuni. Lakini pembeni nimeeleza kila kitu. Kila fremu."

Dada alimtazama kama alivyomtazama zamani akirudi shuleni na daftari lililoloa. Kisha akasema haya, yeye ndiye msomi, akaenda zake. Na Asilimia hakumdanganya. Alipokuwa akisema vile aliamini kwa moyo wake wote kwamba ameeleza.

Ramani ilitoka baada ya wiki tano. Ilibandikwa kwenye korido ya kituo, kubwa kama shuka, yenye kijani kizito, kijani chepesi, na weupe pale pasipo na kitu. Eneo la Saba lilikuwa jeupe kama sahani. Asilimia alisimama mbele yake na chai yake mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha akaenda chumba cha ramani.

Mchora ramani alikuwa binti aliyemaliza chuo mwaka uliopita, mpole, mwenye adabu, anayemsalimia kila mtu shikamoo hata mlinzi aliyemzidi miaka mitatu. Asilimia akamwuliza maelezo yake yamekwenda wapi. Binti akaeleza, kwa upole ule ule, kwamba kompyuta inachukua namba tu. Maneno hayana rangi kwenye ramani. Yanabaki kwenye karatasi, na karatasi ziko stoo, ndani ya maboksi, yeyote akizitaka atazikuta.

Kikao cha kusikiliza wadau kilikuwa kesho yake. Mkuu alikuwa amekwisha kumwambia Asilimia ajitayarishe kutoa maelezo, na kwa mara ya kwanza Asilimia akafurahia wito huo. Angebeba karatasi halisi. Angeisomea kamati maneno yale moja moja. Ofisi ilipotoka kwenda chakula cha mchana, yeye alibaki, akaingia stoo, akalitafuta boksi, akaitoa karatasi ya Eneo la Saba.

Safu ya maelezo ilikuwa imejaa vistari. Vistari viwili, vistari viwili, vistari viwili, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa ishirini na nne. Hapakuwa na neno. Karatasi ilikuwa mpya, siku ilikuwa mpya, lakini mkono uliozoea ulikuwa umeendelea tu pale ulipoishia. Ilisema kama juu, na juu yake palikuwa na kichwa cha safu kilichopigwa chapa kiwandani, basi. Maneno yenyewe yalikuwa kwenye karatasi ya Eneo la Tano, ndani ya jalada jingine.

Alikaa juu ya boksi. Kilichomuuma ni kwamba hapakuwa na uwongo wowote uliohitajika. Vishina vilikuwepo, alivishika kwa mkono wake, na dada yake alikuwa shahidi. Kilichokosekana ni maneno manane ya kweli mahali yanapostahili kuwa. Tangu aajiriwe alifundishwa, na yeye akafundisha wengine, kwamba karatasi ya vipimo haifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika kando, unatia sahihi. Wapimaji hawabebi kifutio, kama mganga asivyobeba sumu. Asilimia alikwenda kwenye meza ya mchora ramani, akachukua cha kwake.

Alifuta vistari vya mstari wa kwanza taratibu, akapuliza mabaki, akaandika kwa penseli ile ile na herufi zile zile. Mistari ishirini na mitatu iliyobaki hakuigusa. Sasa nayo ilikuwa na kitu juu yake. Akarudisha kifutio mahali pake, akaenda kula, na aibu kubwa kuliko zote ni kwamba alikula akashiba.

Alasiri hiyo dada yake alifika nyumbani kwake na ndoo. Ndani mlikuwa na maji ya bahari na jiwe ukubwa wa kichwa cha mtoto, na jiwe limejaa vishina. Alikuwa amelitunza kivulini wiki mbili, anabadilisha maji kila siku, na kwenye ncha za vishina palikuwa na machipukizi ya kahawia yasiyozidi punje ya mchele. Alisema kesho anakwenda nalo kikaoni, yeye na wenzake wote, wanalitua mbele ya wakubwa, na anayetaka kujua kama Eneo la Saba limekufa aingize mkono ndani ya ndoo.

Mke wa Asilimia aliinama akachungulia, akasema hapo wifi amewaweza. Asilimia aliwaza ukumbi, kamati, wakili wa bandari, halafu wanawake kumi na wanne wenye harufu ya mwani na ndoo inayovuja. Tusimpake mafuta: aliona haya. Aliwaonea haya watu waliomlea.

"Dada, pale hawasikilizi ndoo," akasema. "Pale ni karatasi. Na karatasi ninayo, imeandikwa siku ile ile. Inatosha."

"Una hakika?"

"Asilimia mia."

Mkewe alicheka, kwa sababu hajawahi kumsikia akitaja mia. Dada hakucheka. Alinyanyua ndoo yake, akaaga, akaondoka.

Ukumbini palikuwa na viti vya plastiki, feni mbili, na meza ndefu ya wajumbe watano. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, anayeandika kila kitu mwenyewe. Dada alikaa nyuma kabisa pamoja na wenzake, mikono mitupu mapajani. Asilimia alipoitwa alikula kiapo, akaeleza vizuri. Alieleza joto, kupukutika, vishina, maji kupoa. Kisha akasoma mstari wake, na wajumbe wawili wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwenyekiti akaitaka karatasi, akaiangalia mbele na nyuma.

Wakili wa bandari alisimama bila haraka. Hakuwa mkali hata kidogo, alimwita mzee wangu. Alimwuliza kama ni kweli wapimaji hawafuti karatasi. Asilimia akasema kweli. Akamwuliza kama yeye binafsi amewahi kufuta.

"Sijawahi tangu niajiriwe," Asilimia akasema.

Ndipo wakili akaomba picha iwekwe ukutani. Ilikuwa karatasi ya Eneo la Saba, na safu ya maelezo ilikuwa na vistari kuanzia juu hadi chini. Karatasi zote za kituo, akasema, zilipigwa picha siku zilipotoka baharini, na upande wa bandari ulipewa nakala wiki mbili zilizopita kama taratibu zinavyotaka. Mchora ramani aliitwa. Alisema, akiangalia sakafu, kwamba ni kweli, yeye ndiye anayezipiga picha, kwa sababu mwaka jana paa la stoo lilivuja na karatasi za watu zikaharibika. Hakuna aliyemwagiza. Alitaka tu kazi ya wazee isipotee.

Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena, akaomba na karatasi za Eneo la Tano na la Sita. Zilipoletwa aliziweka kando ya ile nyingine, akazisoma pole pole, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Hapa Eneo la Tano umeeleza," akasema. "Halafu kama juu. Eneo la Sita kama juu. Hili la Saba, kwenye picha, kama juu. Ni siku tatu zinazofuatana, mkono mmoja. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule, nimesahihisha madaftari miaka thelathini. Vistari hivi ungeviacha, ningekuelewa."

Asilimia aliitazama picha ukutani.

"Sasa nitaelewaje?" mwenyekiti akaendelea. "Umefuta, na umekula kiapo kwamba hujafuta. Hata hii ya Eneo la Tano, nani ataniambia uliiandika lini?"

Kulikuwa na picha ya Eneo la Tano pia, na maneno yalikuwepo, lakini wakili hakuitaja, Mkuu hakuitaja, wala Asilimia hakuitaja. Mwenyekiti akauliza kama kuna yeyote mwenye ushahidi mwingine kuhusu Eneo la Saba, ushahidi usio wa karatasi za kituo. Watu wakageuka nyuma. Dada yake alisimama.

"Nilikuwa na jiwe," akasema.

"Jiwe gani, mama?"

"La pale pale mwambani. Lina vishina, vimeanza kuchipua."

"Liko wapi?"

Dada alimtazama mdogo wake. Angeweza kumaliza pale pale, kwa maneno machache, na ukumbi mzima ungejua ni nani aliyemzuia. Asilimia aliinamisha kichwa akisubiri.

"Nimelirudisha baharini," dada akasema, akakaa.

Kamati ilitoa kibali wiki iliyofuata. Asilimia alimwaga unga siku tatu baadaye, kwa barua ya aya mbili. Aya ya pili ndiyo iliyomuumiza zaidi: ilisema vipimo vyake vyote vya miaka ishirini na miwili vimewekwa kando mpaka vitakapopimwa upya, na hapakusemwa na nani wala lini. Yapo maeneo sita mengine ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa kwa sababu ya namba zake. Sasa yakawa wazi, na watu wenye matope yao waliyajua. Mkuu alimshika bega mlangoni akasema ni bahati mbaya. Mchora ramani alimfuata hadi getini akilia, akimwomba radhi. Asilimia alimwambia hana kosa, naye hakuwa nalo, jambo ambalo halikumsaidia yeyote kati yao.

Maji yalipoa kwa wakati wake, kama kila mwaka. Kwa zaidi ya mwezi Asilimia hakukanyaga ufukweni. Mkewe ndiye aliyemletea habari kwamba tishari la tope litaanza kazi Jumatatu, na kwamba wifi ametuma salamu: Jumamosi maji yatakupwa sana, kwa hiyo aje, kuna kazi ya mikono. Hakuwa amezungumza na dada yake tangu kikaoni. Alikwenda.

Eneo la Saba lilikuwa limevaa. Mwani ulilala juu ya mwamba tabaka kwa tabaka, majani marefu kama mkono, mazito, yaking'aa kahawia na njano, na ukikanyaga huoni jiwe. Vijisamaki vilikimbia kila alipoweka mguu. Hakuwa na fremu, na jicho lake halikuhitaji. Wanawake wote kumi na wanne walikuwa wameinama na visu, na magunia yamejaa kila upande. Hapakuwa na wimbo wala mzaha. Walikata tu.

Alimsogelea dada yake akasema shikamoo, akasema nisamehe. Dada aliitikia marahaba, na hilo la pili hakulijibu. Alimpa kisu na gunia. Asilimia alishika fungu la majani kama alivyofundishwa akiwa na miaka minane, akaweka kisu juu ya kishina, upana wa kidole kutoka kwenye jiwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya mwamba ule tangu kabla ya dada yake na kabla ya mama yao: unabakiza kidole kimoja, ili msimu ujao ukute. Kwa kosa la kutobakiza aliwahi kuchapwa kibao, na dada huyu huyu.

Dada aliushika mkono wake, akaushusha.

"Kata mpaka kwenye jiwe," akasema. "Leo hatubakizi."

Alimsikiliza, kisha akatazama alikopita dada. Mwamba ulikuwa umekwanguliwa mweupe, mita kwa mita, haukuwa na kishina hata kimoja. Hivyo ndivyo ulivyokuwa kwenye ramani.

Asilimia alipiga magoti. Kishikizo cha kwanza kilikataa kuachia jiwe, ikabidi akikwangue kwa nguvu. Cha pili kilitoka kirahisi.